Sura ya 6: Anachokiona Kinatoka Wapi?

Mazungumzo kuhusu LSD au uyoga wa kulevya hayachukui muda kabla mtu hajauliza swali hili. Mhusika yuko chumbani, amefumba macho, taa imezimwa, naye anasimulia rangi zinazotiririka, nyoka wa dhahabu na kuta zinazopumua. Anachokiona kinatoka wapi? Mitaani husikika majibu matatu. La kwanza: dawa imemfungulia ulimwengu mwingine, wa mizimu au majini, ambao sisi wengine hatuuoni. La pili: picha zile zimo ndani ya dawa yenyewe, nayo huzimwaga kichwani. La tatu: ubongo umeharibika, na aliyeharibikiwa ubongo huona chochote.

Sura hii inatetea jibu la nne. Picha zile zinatengenezwa na ubongo wa mhusika mwenyewe, kwa njia zilezile unazotumia kila siku kumwonyesha meza, ndugu na barabara. Dawa haiongezi picha. Inalegeza udhibiti ambao kwa kawaida huzuia picha za ubongo zisiachane na habari zinazoingia kupitia macho na masikio. Jibu hili halisisimui kama la kwanza wala halitishi kama la tatu, lakini ndilo linalobeba ushahidi wote kwa pamoja. Tukilikubali, tutalazimika kutazama upya hata kuona kwetu kwa kawaida, tukiwa hatujala wala kunywa kitu.

Tunazungumzia dawa zipi?

Jina "dawa za kulevya" limekusanya vitu visivyo na undugu. Dawa za saikedeliki ni kundi dogo ndani yake, nazo zilipewa jina hilo mwaka 1957 na Humphry Osmond, daktari wa magonjwa ya akili Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Kanada. Zinazojulikana zaidi ni hizi:

- LSD, iliyotengenezwa maabara kutokana na kemikali za kuvu inayoshambulia nafaka;
- silosibini, iliyomo katika aina nyingi za uyoga;
- meskalini, ya mmea wa jamii ya dungusi uitwao peyote, unaoota Mexico na kusini mwa Marekani;
- DMT, iliyomo katika kinywaji cha ayahuasca cha watu wa misitu ya Amazon.

Heroini haimo, miraa haimo, wala bangi haimo, kwa kuwa kila moja hugusa sehemu nyingine za ubongo kwa njia nyingine. Kuna mmea mmoja unaotuhusu zaidi Afrika Mashariki na ambao ni lazima utenganishwe na hizi, nao ni mnanaha. Mnanaha nao humfanya mtu aone yasiyokuwepo, lakini kemikali zake, atropini na skopolamini, huzuia mawasiliano ya kumbukumbu na fahamu. Aliyekula mnanaha huweza kuzungumza na mtu asiyekuwepo bila kushuku lolote, huku moyo ukienda mbio na mwili ukichemka. Aliyemeza silosibini kwa kawaida bado anajua kwamba amemeza dawa na kwamba ukuta haupumui kweli. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, unga wa lishe wa msaada uliochanganyika na kemikali za mimea ya jamii ya mnanaha uliwafikia watu wasiojua lolote: mamia waliugua na watu 5 wakafariki. Kuyaweka haya yote katika kapu moja ni hatari, hasa kwa kijana anayedhani kwamba kila kinacholeta maruweruwe ni kilekile.

Robo ya miligramu

Mwaka 1938, katika maabara ya kampuni ya Sandoz mjini Basel, Uswisi, mkemia Albert Hofmann alitengeneza LSD akitafuta dawa ya kusaidia mzunguko wa damu na upumuaji. Wanyama waliopewa hawakuonyesha jambo la maana, kazi ikawekwa kando. Miaka 5 baadaye aliirudia, na tarehe 16 Aprili 1943 akajikuta amelewa kwa namna asiyoielewa. Alishuku kwamba chembe za dawa zilimgusa mwilini. Tarehe 19 akaamua kujipima kwa kumeza kiasi alichokiona kidogo mno: mikrogramu 250, yaani robo ya miligramu.

Alirudi nyumbani kwa baiskeli akisindikizwa na msaidizi wake. Yeye alihisi kwamba baiskeli haisogei hata kidogo. Msaidizi alimwambia baadaye kwamba walikwenda kasi. Jirani aliyemletea maziwa alimwonekania kama mchawi mwovu aliyevaa kinyago cha rangi. Daktari alipofika na kumpima, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na pumzi vilikuwa sawa. Kilichobadilika ni mboni tu, zilizokuwa zimepanuka sana. Baadaye, hofu ilipotulia na Hofmann akafumba macho, aliona miduara na mizunguko ya rangi ikifunguka na kujifunga, na kila sauti, hata ya kitasa cha mlango au gari lililopita, ikawa picha.

Maelezo haya yanastahili kusomwa taratibu, maana yana karibu kila kitu tutakachokihitaji. Jirani alikuwepo kweli, na maziwa yalikuwepo. Dawa haikumbuni mgeni kutoka hewani. Ilibadilisha tafsiri ya mtu aliyekuwepo. Sauti ya kitasa ilikuwa ya kweli, ila ilipokelewa na sehemu ya ubongo isiyo yake. Na kiasi kilichofanya yote hayo ni robo ya miligramu, ambayo jicho haliioni kwa urahisi. Kitu kidogo namna hiyo hakiwezi kuwa kimebeba picha, wala si rahisi kidhaniwe kuwa kinauunguza ubongo. Ni lazima kinagusa mahali maalumu ambapo ubongo wenyewe huongozwa.

Mahali panapoguswa

Seli za neva, yaani seli za ubongo zinazopelekeana ujumbe, huzungumza kwa kumwagiana kemikali. Kila kemikali hunaswa na kipokezi chake, ambacho ni protini iliyo kwenye seli inayopokea. Mojawapo ya kemikali hizo ni serotonini, inayohusika na usingizi, hamu ya kula, hisia na mengine mengi. Mwaka 1953 Betty Twarog na Irvine Page walionyesha kwamba serotonini imo katika ubongo wa mamalia, na wanasayansi wakatambua haraka kwamba umbo la LSD linafanana nayo kwa sehemu.

Ufanano si ushahidi, kwa hiyo palihitajika jaribio. Lilifanyika Zurich mwaka 1998, likiongozwa na Franz Vollenweider. Watu wa kujitolea walipewa silosibini, lakini baadhi ya siku walitanguliziwa ketanserini, dawa inayoziba kipokezi kimoja cha serotonini kiitwacho 2A. Maruweruwe hayakuja. Walipotanguliziwa dawa inayoziba vipokezi vya dopamini, kemikali nyingine ya ubongo, maruweruwe yalikuja kama kawaida na hata kuzidi. Mlango wa ulimwengu mwingine unaofungwa kwa kidonge kinachoziba protini moja ni mlango wa ajabu. Kwa mwenye jibu la kwanza, hapa pana kazi ngumu ya kueleza.

Vipokezi 2A vimejaa katika gamba la ubongo, tabaka la juu lililokunjamana ambamo kufikiri na kutambua hufanyika. Humo vimekaa hasa kwenye seli kubwa zinazokusanya habari kutoka sehemu mbalimbali na kuzipeleka mbali. LSD ikiingia katika kipokezi haitoki upesi. Picha za molekuli zilizochapishwa mwaka 2017 zilionyesha, katika kipokezi ndugu cha 2A, kipande cha protini kikiifunika LSD na kuibana ndani. Hiyo ni sababu mojawapo ya ulevi wake kudumu saa 8 hadi 12.

Msomaji makini atauliza: serotonini yenyewe imo kichwani mwetu kila siku, mbona hatuoni mauzauza? Sehemu ya jibu ni kwamba kipokezi kimoja kinaweza kuamshwa kwa namna zaidi ya moja, na umbo la kinachokiamsha huamua ujumbe gani utapelekwa ndani ya seli. Sehemu nyingine inachunguzwa sasa: mwaka 2023 watafiti wa California walionyesha kwa seli za panya kwamba vipokezi 2A vingi vimo ndani ya seli, ambako serotonini haipenyi kirahisi ilhali dawa hizi hupenya.

Kuona ni kukisia

Mpaka hapa tunajua mahali pa kuguswa, lakini hatujajua kwa nini kuguswa huko kulete picha. Ili kuelewa, tuanze na ujumbe wa simu: "Hbr za asbh, ntakuja ksho." Umeusoma bila kukwama, na irabu ambazo hazikuandikwa umezisikia kichwani. Hakuna aliyekuletea irabu hizo. Ubongo wako ulizijaza kwa sababu unaijua lugha na unajua watu huandika nini asubuhi.

Habari za macho nazo husomwa vivyo hivyo. Mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alisema hivyo katika karne ya 19: kuona ni kukisia kunakofanyika bila sisi kujua. Nyuma ya kila jicho kuna doa lisilopokea mwanga, mahali ambapo mshipa wa neva hutokea, lakini hatuoni tundu jeusi mbele yetu, kwani ubongo hulijaza kwa kinachofaa kuwepo. Zaidi ya hapo, katika kituo cha kwanza cha ndani kinachopokea habari za macho, nyuzi zinazotoka machoni ni chache kuliko zile zinazoshuka kutoka sehemu nyingine za ubongo. Ubongo unapeleka makisio yake chini, macho yanapeleka masahihisho juu, na tunachokiita kuona ni mapatano ya pande hizo mbili.

Je, makisio yakibaki bila masahihisho? Hilo linajulikana bila dawa yoyote. Mwaka 1760 Charles Bonnet wa Geneva aliandika habari za babu yake, mzee aliyekuwa akipoteza uwezo wa kuona, ambaye aliona watu, ndege na majengo yakipita mbele yake. Akili yake ilikuwa timamu na alijua kwamba hayapo. Hali hiyo leo huitwa kwa jina la Bonnet, na madaktari wa macho huikuta mara kwa mara kwa wazee, ingawa wengi wao huificha wakiogopa kuitwa vichaa. Mzee wa namna hiyo hakunywa chochote na hana wazimu. Ubongo wake unaendelea kutengeneza picha ingawa macho hayaleti tena habari za kutosha za kuusahihisha.

Kwa ufupi, basi: ubongo hutengeneza picha muda wote, na habari za macho huzidhibiti. Kwa mzee wa Bonnet, upande wa macho umedhoofika. Kwa aliyemeza silosibini, macho ni mazima, lakini seli zinazopatanisha pande mbili zimevurugwa.

Miduara ya kila mtu, mchawi wa mtu mmoja

Kuna ushahidi mwingine ambao hupuuzwa, nao mimi nauona kuwa mzito kuliko wote. Katika miaka ya 1920 Heinrich Klüver, mwanasaikolojia aliyezaliwa Ujerumani na kufanya kazi Marekani, alikusanya maelezo ya watu waliotumia meskalini. Chini ya wingi wa maneno yao alikuta maumbo ya aina 4 yakijirudia: nyavu au masega ya nyuki, utando wa buibui, mahandaki, na mizunguko inayojisokota. Maumbo ya namna hiyo huelezwa pia na watu wenye kipandauso, na wengine walio mpakani mwa usingizi.

Mwaka 1979 wanahisabati Bard Ermentrout na Jack Cowan walieleza sababu. Eneo la ubongo linalopokea picha za macho halinakili dunia kama ilivyo: katikati ya uwanja wa macho hupewa nafasi kubwa, pembeni nafasi ndogo. Kwa mpango huo, michirizi iliyonyooka ya seli zilizowaka katika eneo hilo huonekana kwa mhusika kama duara, miale au mzunguko. Maana yake ni kwamba anayeona handaki la rangi anauona muundo wa ubongo wake mwenyewe. Kila mtu huona maumbo hayo kwa sababu kila mtu ana muundo huo.

Lakini ulevi ukipanda, maumbo hugeuka kuwa vitu, na hapo watu huachana. Hofmann, Mswisi wa karne ya 20, alimwona mchawi wa kinyago. María Sabina, mganga wa Wamazateki wa Huautla de Jiménez nchini Mexico, alitumia uyoga usiku kutafuta chanzo cha ugonjwa, na kesha zake zilijaa sala na watakatifu wa Kikatoliki pamoja na imani za wazee wake. Uyoga wenye kemikali ileile ukiliwa na Mwingereza asiye na dini humpa nyota, utoto wake au mama yake aliyefariki. Kama picha zingekuwa ndani ya dawa, zingefanana kwa wote. Kama zingetoka katika ulimwengu mmoja mwingine, wasafiri wangerudi na habari zinazolingana. Zinalingana pale tu miili yetu inapolingana, na zinatofautiana pale maisha yetu yanapotofautiana.

Ndani ya mashine

Tangu mwaka 2012, watafiti wa Imperial College London na kwingineko wamewaingiza watu waliopewa dawa hizi katika mashine za sumaku zinazofuatilia damu ndani ya ubongo. Mwaka 2016, kwa watu 20 waliopewa LSD na kufumba macho, eneo la kuona lilionekana kuwasiliana na sehemu nyingi zaidi za ubongo kuliko kawaida, na waliokuwa na mawasiliano mengi zaidi ndio walioripoti picha nyingi zaidi. Inaelekea walikuwa wanaona kumbukumbu na hisia zao kwa kutumia eneo ambalo kwa kawaida huhudumia macho.

Jambo jingine lililoonekana linahusu mtandao wa sehemu za ubongo unaofanya kazi tunapokuwa tumetulia, tunapojiwazia, tunapokumbuka jana na kupanga kesho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kutoka Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, ulifuatilia watu 7 kwa kuwapiga picha mara nyingi kabla, wakati na baada ya silosibini. Seli zilizozoea kuwaka pamoja ziliacha kuwaka pamoja, kama ngoma ambayo kila mpigaji ameacha kumsikiliza mwenzake, na mtandao huu wa kujiwazia ndio uliovurugika kuliko yote. Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini watu husema kwamba "mimi" imeyeyuka: sehemu zinazoishikilia nafsi zimepoteza mwendo wa pamoja. Watafiti walipowapa wahusika kazi ndogo ya kulinganisha sauti na picha, mvurugiko ulipungua. Habari za nje, zikizingatiwa, ziliurudishia ubongo sehemu ya udhibiti wake, na hicho ndicho hasa jibu la nne lingetabiri.

Ni haki kusema kwamba tafiti hizi zina mipaka. Watu 7 au 20 ni wachache. Mashine hupima damu, si mawazo, na dawa hizi hugusa hata mishipa ya damu. Kama ushahidi wa mashine ungesimama peke yake, ningesita. Hausimami peke yake: kidonge cha Zurich, mzee wa Bonnet na maumbo ya Klüver vyote vinaelekea upande mmoja.

"Lakini ilikuwa kweli kuliko kweli"

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa waliotumia. Husema: unaweza kueleza rangi, lakini huwezi kueleza uhakika. Si watu wa kupuuzwa. Katika utafiti wa Roland Griffiths wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins uliochapishwa mwaka 2006, watu 36 walipewa silosibini kwa uangalizi, na takriban theluthi mbili walisema baadaye kwamba lilikuwa miongoni mwa matukio 5 yenye maana kubwa kuliko yote maishani mwao.

Mwaka 2017 Katrin Preller na wenzake wa Zurich waliigusa hoja hii moja kwa moja. Waliwachezea watu nyimbo walizozipenda na nyingine ambazo wenyewe walisema hazina maana yoyote kwao. Baada ya LSD, nyimbo zisizo na maana zilijaa maana. Walipotanguliziwa ketanserini, maana ilitoweka. Wimbo haukubadilika hata noti moja. Kwa hiyo hata hisia ya "hili ni kubwa, hili ni kweli" hutengenezwa na ubongo, na inaweza kuwashwa na kuzimwa. Hilo halithibitishi kwamba Mungu hayupo, wala hakuna mashine inayoweza kulisema hilo. Linathibitisha jambo dogo zaidi: uhakika pekee, hata uwe mzito namna gani, hautoshi kuwa shahidi wa kilichoonekana.

Na wenye jibu la tatu? Ushahidi hauonyeshi kwamba LSD au silosibini huua seli za ubongo, na kwa kawaida hazimfungi mtu kwa uraibu kama heroini inavyofanya. Hilo halizifanyi salama. Mtu mwenye skizofrenia, au mwenye ndugu wa damu mwenye ugonjwa huo, anaweza kusukumwa katika wazimu halisi. Wengine hupatwa na hofu kali na kujiumiza, na wachache hubaki na mabaki ya maruweruwe kwa miezi au zaidi. Ubongo mzima uliolegezwa udhibiti unaweza kumwangamiza mtu bila kuwa umeharibika.

Kinacholegea hushika umbo jipya

Ulegezaji huohuo ndio unaowavutia madaktari. Mtu mwenye sonona, ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, mara nyingi amenaswa katika kisio moja kuhusu nafsi yake: sifai, haitabadilika. Mwaka 2022 jaribio la watu 233 wenye sonona sugu lilionyesha kwamba kipimo kimoja kikubwa cha silosibini kilipunguza dalili ndani ya wiki 3 kuliko kipimo kidogo mno. Jaribio la mwaka 2021 la watu 59 lililoilinganisha na dawa ya kawaida ya sonona halikuona tofauti ya uhakika katika kipimo chake kikuu. Kuna ugumu mwingine usiokwepeka: aliyepewa silosibini anajua amepewa, na matumaini yake huchangia nafuu.

Naamini tiba hii ina uwezo, na kwa sababu hiyohiyo naihofia ikiachwa ovyo. Mwaka 2015 watafiti wa London waliwapa watu 10 LSD na kukuta kwamba walikubali kirahisi zaidi picha walizoambiwa wazifikirie. Makisio ya ndani yakilegea, maneno ya aliye karibu hupata nguvu yasiyokuwa nayo jana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 uliweka LSD na silosibini katika kundi lenye masharti makali zaidi, na Tanzania na Kenya zinazipiga marufuku. Australia, tangu Julai 2023, inawaruhusu madaktari wa akili walioidhinishwa kutumia silosibini kwa sonona isiyosikia dawa nyingine.

Katika majaribio ya tiba mgonjwa huchujwa kwanza, na mwenye historia ya wazimu katika familia hurudishwa nyumbani. Huzungumza na wahudumu kwa siku kadhaa kabla ya kumeza chochote, nao hukaa naye chumbani saa zote za ulevi, kisha humsaidia kwa siku nyingine kuyachambua aliyoyaona. Kijana anayeuziwa uyoga mtandaoni na mtu anayejiita mwongozaji hapati hata kimoja kati ya hivi, na hana njia ya kujua kama kilicho ndani ya pakiti ni silosibini au ni mnanaha.